Kirikuu ya fundi: mzigo ukae wapi?

Muulize dereva yeyote wa kirikuu pale Nangurukuru gari yake inabeba mifuko mingapi ya saruji. Mmoja atasema kumi, mwingine kumi na tano, na hakosekani wa kukuambia ishirini huku anaapa. Ukirudi kwenye karatasi za kiwanda, jibu ni saba. Saba tu, basi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kirikuu, hii Suzuki Carry tunayoijua na ndugu zake, ilizaliwa Japani kwenye daraja la magari madogo linaloitwa kei. Sheria ya kule inabana kila kitu: injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na mzigo kwenye bodi usizidi kilo 350. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gawanya mwenyewe.

Sasa, tusidanganyane. Mfuko wa nane hauivunji kirikuu katikati. Waliotengeneza waliacha nafasi ya usalama, ndiyo maana hao wa mifuko kumi na tano bado wako barabarani. Ila ile nafasi haikuachwa kwa ajili ya saruji, iliachwa kwa ajili ya mashimo. Gurudumu likidumbukia shimoni na kugonga ukingo wa pili, ekseli hupokea kwa kufumba na kufumbua nguvu inayoweza kuwa mara mbili ya mzigo uliotulia, au zaidi. Ukishaila nafasi hiyo kwa mifuko ya ziada, shimo la kwanza kubwa linakukuta huna akiba.

Kwenye makala hii tutamfuata fundi mmoja wa kufikirika. Anakaa Kinjumbi, wilayani Kilwa, na ni fundi wa kila kitu: leo bomba, kesho bati lililong'olewa na upepo, keshokutwa geti la kuchomelea. Amepata kirikuu kwa mkopo na anataka kuifanya karakana inayotembea. Wateja wake wametawanyika: wengine Somanga kwenye barabara kuu ya Kibiti kwenda Lindi, wengine juu kwenye milima ya Matumbi upande wa Kipatimu, wengine chini kabisa Kilwa Kivinje na Masoko. Karakana yake ikilala njiani, hana nyingine. Mteja hasubiri, na marejesho ya mkopo ndiyo kabisa hayasubiri.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kwamba hakuna atakayempimia. Mizani za barabarani zinazosimamia uzito chini ya sheria ya Afrika Mashariki zinahusika na magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Kirikuu hata ukiijaza mpaka ipige magoti haifiki huko. Lori linazuiwa na kutozwa faini likizidisha. Kirikuu inapita pembeni inapiga honi. Kwa hiyo mpimaji ni fundi mwenyewe, na mbele huko nitaonyesha namna ya kupima bila mizani.

Kabati linakula mzigo kabla ya mzigo

Fundi wengi wakipata gari huanza na boksi. Na kwa kuwa wanajua kuchomelea, boksi linakuwa la chuma. Tuchukue kalamu. Shiti ya chuma ya milimita 2, ule ukubwa wa kawaida wa futi nne kwa nane, ina eneo la karibu mita za mraba 3. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Zidisha: shiti moja ni kama kilo 47. Boksi la maana lenye kabati mbili za pembeni na mlango halitengenezwi kwa shiti moja; tuseme tatu. Hapo tayari ni kilo 140, na hujahesabu fremu wala bawaba.

Ongeza jenereta ndogo ya petroli, kilo 45. Spana, nyundo, drili, grenda, mashine ya kuchomelea na nyaya zake, tuseme 60 kwa kukadiria kwa huruma. Ngazi ya alumini, 12. Dumu la maji la lita 20, kilo 20. Jumla 277. Kwenye zile 350 zimebaki 73. Yaani baada ya kutengeneza karakana nzuri, fundi wetu anaweza kubeba mfuko mmoja wa saruji na kopo la misumari. Na akimpandisha kibarua nyuma, hata huo mfuko ashushe.

Ubao wa plaiwudi wa milimita 12, ule wanaouita marini bodi, kwa ukubwa uleule una kilo 23 hivi, nusu ya chuma. Ukitumia fremu ya chuma chembamba na kuta za ubao, unaokoa kilo 60 au 70 bila kupoteza nafasi. Ubao una faida nyingine ambayo haisemwi sana: haupigi kelele. Karakana ya bati tupu kwenye barabara ya makorongo utaisikia kutoka kijiji cha pili. Ubaya wake ni maji. Kingo za plaiwudi zikiachwa wazi masika mawili zinafumuka kama mkate uliolowa, kwa hiyo kingo zote zipigwe rangi ya mafuta kabla ya kufunga skrubu.

Wenzo chini ya bodi

Uzito wenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali unapokaa, na hapa fizikia ya kidato cha pili inatosha kabisa. Unakumbuka wenzo na egemeo? Kirikuu ni wenzo. Tuchukulie umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 1.9, kama ilivyo kwa matoleo ambayo dereva anakalia tairi za mbele. Ekseli ya nyuma ni egemeo. Kitu ukikiweka mbele ya egemeo, ekseli zote mbili zinasaidiana kukibeba. Ukikiweka nyuma yake, ekseli ya nyuma inabeba peke yake, na juu ya hapo inabeba na kilichonyanyuliwa kutoka mbele.

Tuiweke ile jenereta ya kilo 45 katikati kabisa ya ekseli mbili. Kila ekseli inapata kilo 22.5. Safi. Sasa isogeze mpaka karibu na mlango wa bodi, nusu mita nyuma ya ekseli, pale ambapo mafundi wengi huiweka ili iwe rahisi kushusha. Ekseli ya nyuma inapata 45 mara (1 + 0.5 ÷ 1.9), ambayo ni kama kilo 57. Jenereta haijanenepa. Zile kilo 12 za ziada zimetoka kwenye tairi za mbele, ambazo sasa zinakanyaga ardhi kwa wepesi zaidi.

Kilo 12 ni kidogo, utasema. Sawa. Tupakie mbao za futi 12. Hizo ni karibu mita 3.7, na bodi ya kirikuu haifiki hata mita mbili. Ukizisukuma mpaka ziguse ukuta wa kabini, katikati yake bado panaangukia zaidi ya nusu mita nyuma ya ekseli. Mzigo wa kilo 100 wa mbao hizo unaweka kilo 133 hivi kwenye ekseli ya nyuma na kuiba 33 mbele. Jumlisha na jenereta, jumlisha na boksi la vifaa vizito lililowekwa mlangoni, na unapata ile hali ambayo madereva wanaielezea vizuri kuliko vitabu: usukani umekuwa mwepesi. Mwepesi kweli, kwa sababu tairi zinazokata kona hazina uzito wa kuzishikiza chini. Kwenye lami kavu unaweza usijue. Kwenye matope unakata usukani kushoto na gari inaendelea na safari yake ya awali.

Basi kanuni ya kupanga inakuwa hivi: kizito kikae mbele ya ekseli ya nyuma, kiegemee ukuta wa kabini, chepesi na kinachotumika mara kwa mara kikae mlangoni. Jenereta kuishusha kutoka mbele ni shida, najua. Dawa yake ni mlango wa pembeni kwenye boksi, siyo kuihamishia mkiani.

Kuegemea ukuta wa kabini kunataka kufunga, tena kufunga kweli. Piga hesabu ya sanduku la spana la kilo 20 lililowekwa tu bila kamba, gari ikiwa kilomita 50 kwa saa, ikagonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa sanduku kusimama nalo kwa muda huo inahitajika nguvu sawa na uzito wa kilo 280. Kama hakuna kamba ya kuitoa nguvu hiyo, ataitoa yule aliye mbele yake: kwanza bati jembamba la kabini, kisha mgongo wa dereva. Kamba ya mpira ya kufungia mizigo ya baiskeli haina maana hapa. Chomelea pete nne kwenye fremu ya bodi, siyo kwenye bati la sakafu, na utumie mikanda ya kukaza.

Farumi haipandi juu ya foromali

Watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa kitovu cha uzito. Nahodha wa jahazi akiondoka Kilwa bila shehena anapakia mawe au mchanga chini kabisa ya chombo. Hiyo ndiyo farumi. Hajawahi kutokea nahodha wa kuifunga farumi juu ya foromali ili apate nafasi chini. Lakini mtu huyohuyo akiwa na kirikuu, anatengeneza keria juu ya boksi na kulundika huko mabomba, nondo, ngazi na tangi la maji.

Tuone linatokea nini. Nachukulia gari tupu ina kilo 700, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 55 kutoka ardhini. Kilo 150 zikikaa kwenye sakafu ya bodi, kama sentimita 85 juu, kitovu cha gari nzima kinapanda mpaka sentimita 60. Kilo hizohizo zikikaa kwenye keria, mita mbili juu, kitovu kinafika sentimita 81.

Ili ujue maana yake, linganisha na nusu ya umbali kati ya tairi za kushoto na kulia, ambayo kwa kirikuu ni kama sentimita 65. Gawanya 65 kwa urefu wa kitovu. Mzigo ukiwa chini unapata 1.08: ili gari ibinuke kwenye kona inatakiwa nguvu ya pembeni inayozidi uzito wa gari yenyewe. Mzigo ukiwa juu unapata 0.81. Tairi kwenye lami kavu huanza kuteleza nguvu ya pembeni inapofika karibu 0.8 ya uzito. Ndiyo kusema gari ya kwanza ukiikosea kona itateleza, utapata hofu na utajifunza. Ya pili iko pale pale kwenye mpaka, na inaweza kubinuka kabla ya kuteleza. Hapo bado sijaweka kulala kwa springi na mzigo kuyumba, ambavyo vyote vinazidi kuishusha hiyo 0.81.

Na mwendo una tabia mbaya: nguvu ya kona haiongezeki sawasawa na spidi, inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka kilomita 30 kwenda 40 kwa saa ni ongezeko la theluthi kwenye mshale wa spidi, lakini kwenye kona ileile nguvu ya pembeni inaongezeka kwa asilimia 78.

Hapa kuna mvutano wa kweli, na sioni jibu linalomridhisha kila mtu. Mbao na mabomba marefu ukiyaweka kwenye bodi yanaiba uzito wa mbele. Ukiyapandisha juu ya kabini yanasawazisha mbele na nyuma lakini yananyanyua kitovu. Mimi ningepandisha vitu virefu vyepesi tu, ngazi na mabomba ya plastiki, na nondo ningezikatia kabisa dukani. Mbao nyingi zisafirishwe na guta la mtu mwingine. Kulipa nauli ya mbao siyo aibu.

"Ongeza jani la springi"

Ukipeleka kirikuu inayokaa chini kwa mkia, ushauri wa kwanza utakaoupata ni kuongeza jani la springi. Na linafanya kazi, kwa maana ya kwamba gari inanyanyuka na kuonekana haijabeba kitu. Tatizo ni kwamba springi haikuwa mgonjwa, ilikuwa inatoa taarifa. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, tairi zilezile, na breki ni zilezile ndogo zilizopimwa kwa kilo 350. Umeziba mdomo wa anayekuambia umezidisha.

Breki ndizo zinazonitisha zaidi kwa fundi wa Kinjumbi, kwa sababu ya ile milima. Breki hazifuti mwendo, zinaugeuza joto. Gari yenye watu wawili na mzigo halali, jumla kilo 1,160, ikitembea kilomita 60 kwa saa ina nishati ya mwendo ya kilojuli 161. Pakia kilo 700, jumla inakuwa 1,510 na nishati 210. Hilo ni ongezeko la karibu theluthi, na breki zinaweza kulimeza mara moja. Sasa teremka. Kila mita 100 za kimo unazoshuka, gari hiyo ya kilo 1,510 inatoa karibu kilojuli 1,480. Ukiteremka kwa breki za mguu tu umezibebesha kazi ya kusimama kutoka kilomita 60 mara saba mfululizo bila kupumzika. Ngozi za breki zikichemka msuguano unapungua. Mafuta ya breki yakiwa ya zamani yamenyonya unyevu, yanachemka na kutoa mapovu, na pedali inazama hadi sakafuni. Gia ndogo inahamishia kazi kwenye injini. Wazee wa malori wanasema ushuke na gia uliyopandia, na fizikia haiwapingi.

Turudi kwenye ile ahadi ya mizani. Springi inalegea kwa kiasi kinacholingana na mzigo. Ndiyo kanuni ya Hooke ya mwaka 1678, na ndiyo inayoendesha mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Kirikuu ina springi nne na saruji inauzwa kwa uzito unaojulikana, kwa hiyo unayo mizani tayari. Paki gari tupu mahali tambarare, upepo wa tairi ukiwa sawa. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, andika. Pakia mfuko mmoja katikati ya ekseli, pima. Wa pili, pima. Endelea mpaka saba. Kila mara, kabla ya kupima, tikisa gari juu chini mara kadhaa, kwa sababu majani ya springi yanasuguana na huganda kabla ya kufika kwenye kimo chake cha kweli. Fanya vivyo hivyo kwa tairi za mbele. Mwisho chora alama ya kudumu ya mfuko wa saba. Kuanzia siku hiyo, kipande cha mti chenye alama kinakuambia umebeba nini. Na kama tairi za mbele zinapanda badala ya kushuka unapopakia, huhitaji kalamu: mzigo uko nyuma mno.

Ukiongeza jani la springi, mizani imebadilika. Rudia mifuko.

Inveta inayolia

Umeme umefika vijijini, lakini siyo kila kitongoji, na hata penye nguzo si kila nyumba imeunganishwa. Ndiyo maana fundi wa gari anataka umeme wake. Njia inayovutia ni inveta: unaifunga kwenye betri ya gari na kuchomeka grenda. Halafu unabonyeza, inveta inalia piii, inazima. Fundi anaamini ameuziwa bandia. Mara nyingi inveta ni nzima kabisa, mwizi ni waya.

Grenda ya wati 850 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 inavuta chini ya ampea 4. Wati hizohizo kwenye betri ya volti 12, ukiweka na zinazopotea ndani ya inveta, zinataka ampea 80. Sasa fikiria umetumia waya wa nyumbani wa milimita za mraba 2.5, mita mbili kwenda na mita mbili kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.0275. Namba ndogo, lakini zidisha kwa 80: umepoteza volti 2.2 njiani. Betri inatoa 12, inveta inapokea 9.8. Inveta nyingi za volti 12 zimetengenezwa kujizima zikiona chini ya 10.5 hivi, ili betri isife. Kwa hiyo ilipolia ilikuwa inafanya kazi yake.

Na zile volti hazikupotea hewani. Waya huo unatoa joto la wati 176 ndani ya boksi la mbao, pembeni ya dumu la petroli. Badilisha uweke waya wa milimita 25: upotevu unashuka hadi volti 0.2 na joto hadi wati 18. Kuusogeza inveta karibu na betri kunasaidia vilevile, kwa sababu waya mrefu uwe upande wa volti 230 ambako ampea ni chache. Fyuzi ikae sentimita chache tu kutoka betri. Ikikaa upande wa inveta inalinda inveta na kuuacha waya wote uungue.

Hata hivyo betri ya kirikuu ni ndogo. Ya ampea-saa 36 ina jumla ya wati-saa 430, na ukiitumia zaidi ya nusu siku nyingi haitadumu. Grenda ya mfululizo inaimaliza hiyo nusu ndani ya dakika kumi na tatu au kumi na nne, kisha hauna wa kukuwashia gari. Betri ya pili ya ampea-saa 100 kwa ajili ya vifaa tu ni suluhisho zuri kwa drili, taa na grenda ya hapa na pale.

Kuchomelea ni habari nyingine. Elektrodi ya milimita 2.5 inataka ampea 80 hivi kwa volti 23, karibu wati 1,850 kwenye ncha. Rudisha nyuma kupitia upotevu wa mashine na jinsi mashine hizi zinavyovuta umeme kwa mikupuo, unafika kVA 3. Ndiyo maana jenereta ya kVA 2.5 inakohoa ukigusa chuma, na ukishusha ampea ili isikohoe, weldi inakaa juu ya chuma badala ya kuingia ndani. Geti la namna hiyo linang'oka na hati ya fundi inang'oka nalo. Kuna njia mbili: jenereta kubwa, yenye uzito mara mbili, au kuchomelea kazi nzito nyumbani penye umeme wa gridi na kwenda kwa mteja kufunga tu. Kwa kirikuu ya kilo 350, ningechagua ya pili bila kufikiri sana.

Jenereta yoyote utakayobeba isiwashwe ndani ya boksi hata milango ikiwa wazi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania chembechembe za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu halewi taratibu akajijua. Anasikia kichwa kinauma, anakaa kidogo kupumzika, na hapo ndipo panapokuwa mwisho.

Chumvi

Kinjumbi ni bara kidogo, lakini kazi za Somanga na Kivinje zinaileta chumvi mpaka nyumbani. Nitasema moja tu, kwa sababu nimeiona kwenye maboksi mengi. Usifunge bati la chuma kwa ripiti za alumini. Metali mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi zinakuwa betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Hapa dhaifu ni alumini, nayo ni kidogo dhidi ya bati kubwa, kwa hiyo ulaji wote unamiminika kwenye vichwa vya ripiti. Boksi linaonekana zima, siku moja linaacha ukuta wake barabarani. Tumia boliti za chuma zilizopakwa zinki, na uoshe chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ukitoka pwani.

Mwezi Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu sehemu kadhaa za Kilwa, Somanga ikiwemo, magari ya kutoka Dar es Salaam yalisimama siku kadhaa. Beringi ya gurudumu, seti ya ngozi za breki, mkanda wa alteneta na fyuzi za akiba havizidi kilo tano vyote kwa pamoja. Vinaingia chini ya kiti cha abiria, mbele kabisa, mahali ambapo uzito unakaribishwa. Betri ya pili nayo ikae mbele, nyuma tu ya kabini, chini, imefungwa kwa mkanda wa chuma. Ikiwa ya risasi ina kilo 25 hadi 30, nusu mfuko wa saruji, kwa hiyo siku ukiifunga toa futi yako na kile kipande cha mti, uone alama imebaki wapi.